Alfred Gantner na Akiba za Watu Wengine

Wanaoisimulia historia ya Alfred Gantner huanza na mwaka 1996, pale yeye na wenzake wawili, Marcel Erni na Urs Wietlisbach, waliotokea benki ya Goldman Sachs, walipoanzisha kampuni ya Partners Group katika jimbo la Zug, Uswisi. Afadhali tuanze mwaka 1985, wakati Gantner, aliyezaliwa 1968, bado hajulikani na yeyote nje ya jamaa zake. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo ilianza kutumika sheria inayomlazimu mwajiri wa Uswisi kumwekea akiba ya uzeeni katika mfuko maalumu kila mfanyakazi anayefikia kiwango fulani cha mshahara. Akiba hiyo ni mbali na pensheni ya msingi inayotolewa na dola. Wananchi walikuwa wameukubali mpango wenyewe kwa kura ya Desemba 1972. Mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara, mwajiri huchangia kiasi kisichopungua makato hayo, na fedha hukaa mfukoni miaka thelathini au arobaini zikisubiri mwenyewe azeeke. Leo mifuko hiyo imekusanya zaidi ya faranga bilioni 1,000. Bila rundo hilo la fedha, lililojengwa kwa amri ya sheria na si kwa ujasiri wa mfanyabiashara yeyote, kazi ya Gantner ingekuwa ndogo sana, na huenda tusingelisikia jina lake.

Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba maisha ya mtu huyu hayaelezeki vizuri kama kisa cha shujaa aliyethubutu kuhatarisha mali yake. Ni historia ya mtu aliyetambua mapema kuliko wenzake kwamba akiba za wafanyakazi zilihitaji wa kuzipeleka kule ambako wenyewe hawakuweza kufika, akaijenga njia hiyo kwa ustadi mkubwa, na akatoza ushuru wa kuipita. Ustadi wake siupingi. Lakini ikiwa nguvu yake imetokana na akiba hizo, wenye akiba wana dai juu ya namna nguvu hiyo inavyotumika. Dai hilo bado halijapewa mahali pa kusemewa.

Alichokwenda kujifunza Marekani kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Gantner alisoma shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimboni Utah, kisha akafanya kazi Goldman Sachs. Miaka ya mwanzo ya tisini Marekani ilikuwa bado inazungumzia wimbi la ununuzi wa kampuni kwa mikopo. Kampuni ya KKR, iliyoanzishwa 1976, ilikuwa imeshaonyesha namna ya kufanya. Wanunuzi hukusanya fedha za wawekezaji wachache wakubwa, huongeza juu yake mkopo mnene, na kwa jumla hiyo huinunua kampuni nzima. Mzigo wa deni huwekwa juu ya kampuni iliyonunuliwa, na mnunuzi habebi deni hilo. Gharama hupunguzwa, uongozi hubadilishwa, biashara hupanuliwa, na baada ya miaka minne, mitano au sita kampuni huuzwa. Mwaka 1988 KKR ilikubaliana kuinunua RJR Nabisco, watengenezaji wa biskuti na sigara, kwa takribani dola bilioni 25, na dunia nzima ikaijua biashara hii. Mimi naona tukio kubwa zaidi lilitokea kabla ya hapo bila kelele. Mwaka 1981 mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa jimbo la Oregon ulitoa fedha kuungana na KKR katika ununuzi wa Fred Meyer, kampuni ya maduka ya jimbo hilohilo. Tangu hapo mshirika mkuu wa wanunuzi wa kampuni amekuwa mwalimu, karani na mzimamoto anayejiandaa kustaafu, hata kama hana habari.

Waswisi watatu walirudi na maarifa hayo nyumbani. Walichagua Zug, jimbo ambalo zamani lilikuwa la wakulima na mafundi wa viwanda, na ambalo katika karne ya 20 lilijitajirisha kwa kutoza kampuni kodi ndogo. Makao makuu ya Partners Group sasa yako Baar, manispaa inayopakana na mji wa Zug. Msomaji wa Kolwezi au Lubumbashi anaijua Baar kwa njia nyingine: hapo ndipo yalipo makao makuu ya Glencore, yenye migodi ya shaba na kobalti ya Katanga, nchini Kongo. Sidai kwamba kampuni hizi mbili zina uhusiano wa kibiashara. Lakini kukaa kwao jirani kunaonyesha Zug ilijenga nini: mahali ambapo umiliki hukusanywa mbali na kazi yenyewe, na mtu anayeifanya kazi hiyo anaweza asijue kabisa ni nani aliye juu ya msururu wa wamiliki wake.

Werevu wa Gantner na wenzake ulionekana katika bidhaa walizotunga. Uswisi ya miaka ya tisini ilikuwa na mifuko ya pensheni kwa maelfu, mingi ikiwa midogo: mfuko wa kiwanda kimoja, wa wafanyakazi wa mji mmoja, wa mafundi wa kazi fulani. Hata leo, baada ya miunganiko mingi, imebaki zaidi ya elfu moja. Mfuko mdogo haukuweza kubisha hodi kwa wanunuzi wakubwa wa Marekani, kwani walitaka ahadi ya mamilioni mengi, ifungwe miaka kumi, na mwekezaji awe na wataalamu wa kuchunguza mikataba. Partners Group ikajiweka katikati. Ilikusanya fedha za wengi, ikazigawa kwa wanunuzi mbalimbali, ikachunguza na kutoa taarifa kwa niaba yao. Mwaka 1999 ilikwenda mbali zaidi na chombo kilichoitwa Princess, ambacho kiliuza hatifungani za dola milioni 700. Mwenye hatifungani alihakikishiwa kurudishiwa mtaji wake kwa kinga ya bima, na juu yake alipata nafasi ya kufaidi iwapo kampuni zilizonunuliwa zingepanda thamani. Kwa mjumbe wa bodi ya mfuko wa pensheni, anayeogopa kulaumiwa akipoteza akiba za watu, hilo lilikuwa jibu la hofu yake. Hapo Gantner alionyesha kwamba anaielewa tabia ya fedha za uzeeni: zina subira, lakini zina woga.

Machi 2006 Partners Group yenyewe iliingia kwenye soko la hisa la Zurich kwa bei ya faranga 63 kwa hisa. Miaka miwili baadaye msukosuko wa fedha ulizitikisa benki kubwa za nchi hiyo, na UBS ikahitaji msaada wa dola. Partners Group ilipita, na sababu yake haina siri. Mteja wa benki anaweza kutoa fedha zake kesho asubuhi, lakini aliyeahidi kuweka fedha katika mfuko wa miaka kumi hawezi, na ada ya usimamizi inaendelea kulipwa soko likipanda au likishuka. Mwaka 2009 kampuni ilianzisha Marekani mfuko uliowapa pia watu binafsi wenye uwezo nafasi ya kuingia katika uwekezaji wa aina hii. Taratibu iliacha kuwa mpitishaji wa fedha kwenda kwa wanunuzi wengine, ikawa inanunua kampuni moja kwa moja.

Kisha ukaja upepo uliovuma upande wake. Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi ilishusha riba hadi asilimia 0.75 chini ya sifuri, na riba ikabaki chini ya sifuri mpaka Septemba 2022. Kwa miaka hiyo mfuko wa pensheni uliokuwa ukinunua hatifungani za serikali ya Uswisi ulikuwa unalipa ili kuikopesha serikali. Ahadi kwa wastaafu zilibaki palepale. Bodi hazikuwa na hiari kubwa. Zilipaswa kutafuta faida kwingineko, na Partners Group ilikuwa na njia ya kuzipeleka. Mwisho wa mwaka 2020 hisa iliyouzwa faranga 63 ilikuwa imevuka faranga 1,000. Septemba ya mwaka huo kampuni ilikuwa imeingia katika orodha ya kampuni ishirini kubwa za soko la Uswisi, ikachukua nafasi ya Adecco, kampuni ya ajira. Mwaka 2021 ilipata faida ya karibu faranga bilioni 1.5 ikiwa na wafanyakazi wapatao 1,500. Kufikia mwisho wa 2024 fedha ilizokuwa ikizisimamia zilizidi dola bilioni 150. Waanzilishi watatu wakawa mabilionea.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni kubwa, na ndilo linalosemwa zaidi: kama wastaafu wenyewe wamefaidi, kosa liko wapi? Ushahidi unaolitegemeza upo. Mwaka 2014 Robert Harris, Tim Jenkinson na Steven Kaplan walichapisha utafiti uliotumia takwimu za wawekezaji wenyewe, wakaonyesha kwamba mifuko ya ununuzi wa kampuni nchini Marekani ilikuwa imelipita soko la hisa kwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, hata baada ya ada. Lakini mwaka 2020 Ludovic Phalippou wa Oxford aliziangalia upya takwimu za mifuko iliyoanza 2006 na kuendelea. Alikuta faida ya karibu asilimia 11 kwa mwaka, sawasawa na aliyeweka fedha zake katika hisa za kawaida za sokoni, ilhali wasimamizi walikuwa wamejikatia mgao wa faida anaoukadiria kuwa dola bilioni 230. Tafiti hizi mbili hazigongani kama inavyodhaniwa, kwani zinazungumzia vipindi tofauti. Aliyewahi aliokota vilivyokuwa rahisi kuokotwa. Waliofuata walikuta wanunuzi wengi wanagombea kampuni zilezile, na bei zikapanda. Ada, kwa upande wake, haikushuka kwa kadiri hiyo. Desturi ya biashara hii ni asilimia 2 ya fedha kila mwaka na asilimia 20 ya faida ikivuka kiwango kilichokubaliwa. Ikitozwa hivyo miaka kumi mfululizo juu ya ahadi ya faranga milioni 100, ile asilimia 2 peke yake ni faranga milioni 20, hata kama hakuna kampuni moja iliyouzwa kwa faida.

Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa muda mrefu daftari la ada hizi halikuwa wazi. Mfuko wa pensheni uliandika gharama ulizolipa moja kwa moja, lakini kilichokatwa ndani ya mifuko ya uwekezaji hakikuonekana, kwa sababu kilitolewa kabla faida haijatangazwa. Mwaka 2013 mamlaka kuu ya usimamizi wa pensheni ya Uswisi iliagiza gharama hizo zilizojificha zihesabiwe na kuonyeshwa. Mifuko mingi ikagundua kwamba sehemu ndogo ya mali yao, ile iliyowekwa kwa wanunuzi wa kampuni, ilikuwa inakula sehemu kubwa ya gharama zote. Hakuna mtu aliyefilisika kwa kuambiwa ukweli huo. Partners Group iliendelea kukua. Kwa hiyo wanaosema kuwa uwazi huua biashara hii wamejibiwa na historia ya Uswisi yenyewe.

Pingamizi la pili husema waanzilishi walihatarisha mali yao, na kwamba kampuni wameijenga wao. Hili nalikubali kwa sehemu. Waliacha ajira za uhakika wakiwa vijana, na wameweka fedha zao binafsi katika uwekezaji uleule wanaowauzia wengine. Gantner alifanya jambo ambalo waanzilishi wengi hushindwa: alikabidhi utendaji mkuu kwa Steffen Meister mwaka 2005, na uenyekiti kwa Peter Wuffli, aliyewahi kuiongoza UBS, mwaka 2014. Huo ni uongozi mzuri, na anastahili sifa yake. Hata hivyo msimamizi hugawana faida na mwenye fedha, na fedha zikipotea hagawani hasara kwa kiwango hichohicho. Kilichomfanya Gantner kuwa bilionea ni thamani ya kampuni inayokusanya ada. Thamani hiyo ilipanda kadiri akiba za wengine zilivyomiminika kwake.

Ukiziangalia kampuni zilizonunuliwa, utaona kwa nini jambo hili si la wahasibu peke yao. Mwaka 2015 Partners Group iliinunua kampuni ya shule za chekechea ya Marekani inayojulikana kwa jina la KinderCare, ikaiingiza kwenye soko la hisa la New York Oktoba 2024. Mwaka 2018 iliongoza ununuzi wa Techem, kampuni ya Kijerumani inayopima joto na maji katika nyumba za wapangaji, ikishirikiana na mfuko wa Quebec na mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, kwa thamani ya euro bilioni 4.6. Mwaka 2022 ikawa mwenye hisa mkubwa zaidi wa Breitling, watengenezaji wa saa ambao historia yao ilianzia Saint-Imier mwaka 1884. Saa ya anasa naweza kuiacha, asiyeitaka haimgusi. Lakini mpangaji wa Ujerumani hachagui nani ampimie joto, na mzazi anayekwenda kazini alfajiri hana shule kumi za kuchagua. Katika ununuzi wa Techem, mwalimu wa Ontario alijiandalia uzee wa raha zaidi kadiri mpangaji alivyolipa zaidi, na wote wawili ni watu wa mshahara. Kati yao alisimama msimamizi, ambaye peke yake aliiona picha nzima na peke yake aliamua.

Hapa ndipo mwaka 2013 unapokuwa na uzito kuliko inavyosemwa. Machi ya mwaka huo wananchi wa Uswisi, kwa asilimia 67.9 ya kura, walipitisha pendekezo la mfanyabiashara Thomas Minder la kudhibiti malipo ya wakubwa wa kampuni. Magazeti yaliandika juu ya mishahara na bahashishi. Ndani ya pendekezo hilo kulikuwa na sharti jingine, na mimi naliona kuwa zito kuliko yote: mifuko ya pensheni inalazimika kupiga kura katika mikutano ya kampuni za Uswisi zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa, ipige kwa maslahi ya wanachama wake, na itangaze ilivyopiga. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida alipewa, kupitia mfuko wake, sauti yenye kumbukumbu ya maandishi juu ya kampuni anazozimiliki. Sharti hilo halizihusu kampuni zisizoorodheshwa. Na katika muongo uleule fedha za mifuko zilizidi kuhamia huko, kwenye kampuni ambazo hazina mkutano wa hadhara wala kura ya kutangazwa. Sisemi zilihamia ili kuikwepa sheria. Riba iliyo chini ya sifuri inatosha kuwa sababu. Nasema matokeo yake ni kwamba sauti iliyopatikana kwa kura ilibaki nyuma wakati mali ikisonga mbele.

Atakayenijibu atasema bodi za mifuko ya Uswisi zinaundwa na wawakilishi wa wafanyakazi na waajiri kwa idadi sawa, kwa hiyo sauti ipo. Ni kweli, na nchi nyingi hazina utaratibu mzuri kama huo. Ila bodi humchagua msimamizi na kuishia hapo. Ikishatia saini ahadi ya miaka kumi, haina kura juu ya chekechea ipi ifungwe, deni kiasi gani lipakiwe juu ya kampuni, au ada ya kupima joto ipande kwa kiasi gani.

Suala hili lingebaki la wataalamu kama Gantner angebaki Baar na mahesabu yake. Hakubaki. Yeye na wenzake wawili walianzisha vuguvugu la Kompass Europa kupinga mkataba wa mfumo kati ya Uswisi na Umoja wa Ulaya. Baraza la Shirikisho, yaani serikali ya Uswisi, liliyavunja mazungumzo ya mkataba huo tarehe 26 Mei 2021. Mazungumzo mapya ya mikataba mingine yalipokuwa yakiendelea, vuguvugu likaanza Oktoba 2024 kukusanya saini za pendekezo la katiba, na mwaka 2025 likaziwasilisha zikiwa zimezidi 100,000 zinazotakiwa. Pendekezo linadai kwamba mikataba ya uzito huo ipitishwe kwa wingi wa kura za wananchi na pia wingi wa majimbo. Kisha Novemba 4, 2025 Gantner alikuwa mmoja wa wafanyabiashara sita waliokaa na Rais Donald Trump katika Ikulu ya Marekani, miezi mitatu baada ya bidhaa za Uswisi kuwekewa ushuru wa asilimia 39. Siku kumi baadaye nchi hizo mbili zilitangaza makubaliano ya kuushusha hadi asilimia 15.

Watetezi wake husema ni raia kama wengine, ana haki ya kukusanya saini na kuitetea nchi yake. Haki hiyo hakuna wa kumnyima, na matokeo ya Washington yaliwafaa wafanyakazi wa viwanda vya Uswisi. Lakini raia wengine hawana mali ya kuanzishia vuguvugu wala nafasi ya kukaa mezani na rais wa Marekani. Nafasi hiyo ilinunuliwa kwa miaka thelathini ya ada ambazo sehemu yake ilitoka katika akiba ambazo sheria iliwalazimu wafanyakazi kuziweka, na miongoni mwa wafanyakazi hao wamo wengi wanaoitaka mikataba na Ulaya. Hakuna aliyewauliza. Gantner mwenyewe anashikilia kwamba uamuzi mzito juu ya maisha ya Waswisi usifanywe bila kura yao, na juu ya kanuni hiyo nakubaliana naye kabisa. Basi kanuni hiyo ina kazi karibu zaidi na nyumbani kwake kuliko Brussels. Sharti la mwaka 2013 laweza kupanuliwa, ili mfuko wa pensheni uwe na haki ya kupiga kura na wajibu wa kutangaza msimamo wake pia pale akiba inapowekwa katika kampuni zisizoorodheshwa, angalau juu ya deni, malipo ya wakubwa na kuuzwa kwa kampuni. Saini 100,000 zinatosha kulifikisha pendekezo hilo kwa wananchi, na wa kwanza kuombwa saini yake awe Gantner.